Nusu saa ya usiku: uzoefu wangu wa kujisomea kwa dokumentari

Ni mwezi wa nne huu nalipia programu ya filamu kwenye simu, na nailipia kwa ajili ya dokumentari tu. Mimi ni fundi cherehani, Mkoani, Pemba. Mchana sina mkono wa bure. Muda wangu ni nusu saa baada ya watoto kulala, basi.

Kinachonifaa zaidi ni kupakua. Nanunua kifurushi cha usiku, nashusha filamu moja, kisha naiangalia bila kugusa bando, vipande vipande, daftari pembeni. Hapo ndipo panaponiudhi pia: baadhi ya filamu ukishaanza kuzitazama hufungwa baada ya saa 48, umalize usimalize. Kwa mtu wa nusu nusu saa, muda huo ni mdogo mno. Mara mbili nimelazimika kushusha upya. Lugha ni Kiingereza, lakini nikiweka maandishi chini nafuata vizuri.

Iliyonishika ni My Octopus Teacher ya mwaka 2020, iliyopata Oscar mwaka 2021. Craig Foster anazamia kila siku, karibu mwaka mzima, kwenye bahari ya baridi ya False Bay, Afrika Kusini, kumfuata pweza mmoja jike. Papa mdogo anamng'oa pweza mkono, na mkono unaota tena. Niliisimamisha hapo nikaandika: je, wa kwetu?

Ijumaa nikaenda Chokocho kwa mama, ambaye amevua pweza tangu kabla sijazaliwa. Tukaangalia pamoja, simu tumeiegemeza kwenye kikapu. Pweza alipojifunika makombe, mama akacheka kwa furaha: "Mwanangu, tundu lake twalijua kwa hayo hayo makombe mlangoni." Kwenye mkono uliokatika akanyamaza, halafu akasema huwapata wenye mkono mmoja mfupi, akidhani wamezaliwa hivyo.

Ya mayai ndiyo iliyomgusa. Jike huyalinda, hali, na yakianguliwa hufa. "Ndiyo maana," mama akasema, "ukimtoa juu ya mayai ni mwepesi kama kitambaa." Akaniomba nirudishe kipande kile. Nikakirudisha mara tatu.

Baadaye nilisoma zaidi: pweza ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu kwa sababu ya shaba iliyomo. Hukua upesi pia, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa Kisiwa Panza, huku huku Pemba, wamekuwa wakifunga mwamba, yaani kuacha kuvua pweza hapo, miezi mitatu kisha kuufungua: huwaacha wakue. Miaka yote nikiwasikia wakibishana juu ya kufunga huko, sikuwahi kuuliza.

Kwa mwenye kazi nyingi naipendekeza huduma hii, ila shusha filamu moja tu, na uianze siku unayojua una usiku mbili mfululizo. Bamvua hili, maji yakitoka sana, nafunga cherehani siku moja. Naenda na mama mwambani.