Kuzungusha hela ya dagaa kwenye akaunti ili izae: uzoefu wangu, Kigoma

Mi siyo mtu wa benki, mi nanunua dagaa mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nakausha, nauza kwa watu wa Dar na Morogoro. Ila nimehamisha hela huku na huku muda sasa nikitafuta panapolipa vizuri, na wenzangu wa mwalo wananiuliza kila leo kwenye simu, bora niandike yote mara moja.

Kwanza muelewe hela ya dagaa inavyotembea maana ndo inaamua kila kitu. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, wavuvi wanapumzika wanashona nyavu na mtaji wangu unalala. Giza likirudi naihitaji yote alfajiri moja tena mkononi, mwenye mtumbwi hakusubiri ati mtandao uko chini. Juu ya hapo kuna kufungwa kwa ziwa, mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, miezi mitatu mizima. Kwa hiyo nina hela inayolala siku chache kila mwezi na hela inayolala miezi mitatu, na hizo ni hela mbili tofauti kabisa, hilo watu wengi hawalioni.

Akaunti ya akiba ya kawaida sina la kuisifia. Niliyonayo wananipa asilimia 2 kwa mwaka, alafu kuna makato ya kila mwezi, yani ni njia ya kupitishia hela tu.

Ziwa lilipofungwa nikaenda kuweka fiksidi, ile ya muda maalumu, milioni nne kwa miezi mitatu. Nikaambiwa asilimia 7. Nikamwambia yule dada wa huduma kwa wateja, mwanangu, benki ya pili wameniambia 8, na mimi sina haraka nitakaa hapa hapa kwenye kiti. Akaniangalia, akaangalia karatasi, akainuka akaingia kwa meneja, akarudi na 8. Watu wanadhani riba ya fiksidi imeandikwa kwenye jiwe, hapana, inaongeleka, hasa ukiwa na hela ya maana na ukionyesha kwamba unaweza kuondoka.

Mahesabu yake haya: milioni nne kwa asilimia 8 ni laki tatu na ishirini kwa mwaka, robo mwaka ni 80,000. Serikali inakata kodi ya zuio asilimia 10 ya ile riba (siyo ya mtaji, msiogope), inabaki 72,000. Ingekaa kwenye akiba ya asilimia 2 ningepata 18,000. Tofauti 54,000 bila kubeba gunia, mi naichukua.

Sasa kero. Kwenye fomu nilijaza kabisa kwamba muda ukiisha hela irudi kwenye akaunti yangu. Ziwa likafunguliwa, nafungua simu, hakuna kitu. Kwenda tawini naambiwa "mama, mfumo wenyewe umeiweka tena fiksidi kwa miezi mitatu mingine". Mfumo! Eti niandike barua ya kuomba kuvunja, barua ikasubiri sahihi ya mtu ambaye yuko safari, na huku giza la kwanza baada ya ziwa kufunguliwa, lile ambalo dagaa ni wengi na kila mtu ana njaa nao, likanipita karibu lote. Hela walirudisha, samahani hawakusema. Jina la benki siliweki hapa ila fomu yenu pigeni picha kabla hamjaiachia, na siku muda wa fiksidi unapoisha muwe mmeshapiga simu jana yake.

Baada ya hapo nikahamia UTT, ile taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye mfuko wao wa Ukwasi. Huu siyo benki, unanunua vipande, yani sehemu yako ndani ya mfuko, na thamani ya kipande inapanda kidogo kidogo, na faida haijaahidiwa kama fiksidi, inategemea mfuko umefanyaje. Ninachopenda haukufungi, hakuna ada ya kuingia wala ya kutoka, unanunua kwa simu ukiwa umekaa juu ya furushi lako. Ukitaka kutoa unajaza ombi, hela inaingia benki ndani ya siku tatu za kazi. Siku za KAZI jamani, ukiomba Ijumaa jioni usianze kuhesabu Jumamosi.

Na hapa ndo nikagundua kitu. Kwa hela ya mbalamwezi haya mambo ya kuhamisha hayalipi. Chukua milioni nne, tuseme faida asilimia 10 kwa mwaka, wiki moja ni kama 7,700. Toa makato ya kuipeleka, makato ya kuirudisha, makato ya wakala maana mwaloni nataka noti, alafu toa zile siku za kusubiri ambazo hazikupi usingizi. Inabaki hela ya chai na mandazi. Makato ya kuhamisha benki kwenda benki angalau yalipungua serikali ilipofuta tozo yake Oktoba 2022, lakini ya benki wenyewe yapo pale pale. Hela ya siku chache mi naiacha benki inayonifikishia noti haraka, riba yake hata siiulizi.

Zawadi za kutumia kadi, zile droo kama MastaBata ya NMB, ni nzuri kwa mtu anayefanya manunuzi madukani, kwetu mwaloni ukimtolea mvuvi kadi atakuuliza ni ya mpira au ya kliniki. Gawio la kwenye simu nalo, yani faida unayopewa kwa hela iliyokaa kwenye laini, lile Tigo Pesa walianza 2014 na sasa wanaitwa Mixx by Yas, linaingia lenyewe bila kuomba, dogo ila halina usumbufu. Kwa ajili yake tu silazi hela kwenye laini.

Kingine, mkizidi milioni saba na nusu msirundike benki moja. Bodi ya Bima ya Amana inalipa mpaka 7,500,000 kwa mteja mmoja kwa benki moja ikifilisika, kwa hiyo kugawanya kwenye benki mbili kuna maana hata kama riba ni ile ile. Vipande vya UTT haviko kwenye bima hiyo.

Nyota: fiksidi nawapa tatu, zingekuwa nne bila ile kadhia. Ukwasi nne, kwa hela ya kufungwa ziwa tu. Akiba ya kawaida moja na nusu.

Kwa mliouliza ambao hamgusi riba, na Ujiji mko wengi, kuna akaunti za mudharaba mnagawana faida na benki badala ya riba, Benki ya Amana wanayo, CRDB nao wana dirisha la Al Barakah. Bi mkubwa mmoja tunayekausha naye chanja za jirani anaitumia na hajalalamika, ila mimi sijaijaribu kwa hiyo siipi nyota.