Seti ya kujiundia kipimaji cha maziwa: cha kubaki nacho na cha kutoa sandukuni

Anayeagiza seti ya kuunda kifaa cha kupima ubora wa maziwa, awe ni kikundi cha wafugaji cha Njoro au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho, hupokea vitu vilevile hata muuzaji akibadilika. Kuna Arduino Nano (kompyuta ndogo inayosoma sensa), moduli ya PH-4502C ya kupima pH, yaani kiwango cha uchachu, na elektrodi yake ya kioo, sensa ya joto ya DS18B20 yenye ganda la chuma, sensa ya TDS (ya chumvi na madini yaliyoyeyuka), sensa ya uchafu wa maji, sensa ya gesi ya MQ-135 na skrini ya mistari miwili. Vinne kati ya hivyo vinastahili kukaa, kimoja kinahitaji ujanja, na viwili vitolewe kabla chuma cha kulehemu hakijapata moto.

Vya kutoa ni MQ-135 na sensa ya uchafu. Ya kwanza ina hita ndani inayovuta takriban miliampea 150 muda wote, zaidi ya vipuri vingine vyote vikijumlishwa, na huhitaji kuwashwa siku nzima au mbili kabla usomaji wake haujatulia. Inanusa amonia, pombe, moshi na mvuke bila kuvitofautisha, kwa hiyo ukiiweka kwenye kituo cha kukusanyia maziwa kilicho jirani na zizi, itapima zizi. Ya pili ilibuniwa kwa mashine za kufulia nguo: inarusha mwanga upande mmoja na kuupokea upande wa pili. Maziwa yamejaa chembe za mafuta na protini zinazotawanya mwanga, hivi kwamba hata robo yake ikiwa maji mwanga haupenyi na namba haisogei. Tena kichwa chake hakizuii maji kuingia. Sababu pekee ya kuwemo sandukuni, kwa maoni yetu, ni kwamba orodha ndefu huuza.

Sensa ya TDS ndiyo inayopotosha watu zaidi, kwa sababu inatoa namba zinazopendeza macho. Imetengenezwa kwa maji ya kunywa. Kikomo chake ni ppm (sehemu kwa milioni) 1,000, ambazo kwa kigawo cha 0.5 kinachotumiwa na nyingi ya sensa hizi ni sawa na mS/cm (milisimensi kwa sentimita) 2 za upitishaji wa umeme. Maziwa ya ng'ombe mwenye afya, yakiwa nyuzi 25, hupitisha kati ya mS/cm 4 na 5.5. Basi maziwa mazima, maziwa yaliyotiwa maji kidogo na maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele yote hugonga dari, na skrini inaonyesha namba ileile kila asubuhi. Namba isiyotikisika namna hiyo huchukuliwa kuwa ishara ya kifaa madhubuti, kumbe sensa imefika mwisho wake.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya bei nafuu ni kuzimua: mililita 25 za maziwa, mililita 75 za maji yaliyokenekwa, koroga, pima. Usomaji utaangukia karibu mS/cm 1.2 hadi 1.4, ndani ya uwezo wa sensa. Tumia bomba la sindano kupimia, si kijiko, kwa sababu kosa la mililita moja kwenye 25 ni asilimia 4 nzima. Maji yawe yale ya kuongezea betri ya gari, na usome kibandiko vizuri kwa kuwa tindikali ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana nayo. Maji ya kisima hayafai kabisa: maji ya ardhini ya Bonde la Ufa yana floridi na chumvi nyingi, na hizo zinaingia moja kwa moja kwenye hesabu.

Njia ya pili, ambayo ndiyo tungeichagua kwa kituo kinachopokea mikebe kila siku, ni kununua sensa ya upitishaji umeme yenye kigawo K=1, inayosoma hadi mS/cm 20. Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya TDS. Husawazishwa kwa miyeyusho miwili ya kawaida, ya 1.413 na ya 12.88, na maziwa yanakaa katikati. Kuna wanaoikwepa gharama hiyo kwa kuchovya bolti mbili zilizounganishwa na volti 5. Umeme wa mkondo mmoja huchambua maziwa yenyewe, viputo hujikusanya kwenye bolti, na usomaji hushuka ukiutazama. Ukilazimika kutumia bolti, ziwe za chuma kisichoshika kutu, na programu ibadilishe pini chanya na hasi mfululizo.

Kwa nini kusumbuka hivyo kwa ajili ya upitishaji? Kwa sababu ndio unaoziba pengo la laktomita, kile kifaa cha kuelea kinachopima uzito wa maziwa. Maji yakiongezwa, uzito wa maziwa unashuka na upitishaji unashuka. Mjanja akiongeza maji kisha sukari, laktomita hurudi mahali pake na mpokeaji huridhika, lakini sukari haipitishi umeme, hivyo upitishaji unabaki chini. Akitumia chumvi badala ya sukari, mambo yanageuka: kurudisha uzito wa maziwa yaliyotiwa maji asilimia 10 kunahitaji takriban gramu 4 za chumvi kwa lita, na chumvi hiyo hupandisha upitishaji karibu mara mbili au zaidi. Akitia chumvi kidogo tu, ya kutosha kudanganya sensa, laktomita inamfichua. Kuvidanganya vyote viwili kwa wakati mmoja kunahitaji mizani na hesabu ambazo hazifanywi gizani saa kumi na moja alfajiri. Upitishaji ukipanda peke yake, laktomita ikiwa sawa, fikiria kiwele kwanza: kiwele chenye uvimbe huachia sodiamu na kloridi ya damu iingie kwenye maziwa. Hapo pima ng'ombe mmoja mmoja, kwa sababu kwenye mkebe wa lita 50 uliochanganywa dalili ya ng'ombe mmoja humezwa na wenzake.

Joto lisipohesabiwa, yote hayo yanaharibika. Upitishaji hupanda takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Maziwa yanayopitisha 4.8 kwenye nyuzi 25, yakifika kwa boda boda yangali na nyuzi 32, yatasoma karibu 5.5, na ng'ombe mzima atasingiziwa ugonjwa. Fomula ni fupi: gawa usomaji kwa 1 + 0.02 × (joto − 25).

DS18B20 inatosha kwa kazi hiyo. Usahihi wake ni nusu nyuzi. Iwekee rizista ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na chanya, la sivyo skrini itaonyesha −127, maana yake sensa haionekani. Ikionyesha 85 mara tu baada ya kuwashwa, programu imeisoma kabla haijamaliza kupima. Ipe milisekunde 750. Kuikagua, tumia barafu iliyosagwa ndani ya maji, inayopaswa kusoma 0. Usiikague kwa maji yanayochemka ukitarajia 100: Nakuru mjini maji huchemka karibu nyuzi 94, Molo karibu 92, na hata Kisumu hayafiki 97.

Sasa pH, kipuri kinachoubeba mradi na kinachouangusha. Maziwa mabichi yasiyo na kasoro huwa kati ya 6.6 na 6.8. Yakishuka hadi 6.4 yameshaanza kuchacha. Yakizidi 6.8 kuna ugonjwa wa kiwele au kuna aliyetia magadi kuficha uchachu. Kwa hiyo kifaa kizima kinahukumu ndani ya upana wa pH 0.4. Moduli ya PH-4502C hutoa takriban volti 0.18 kwa kila pH moja, na Nano husoma kwa hatua za milivolti 4.9, kwa hiyo tofauti ya maziwa mazuri na yanayochacha ni hatua saba tu hivi. Mtikisiko wa hatua mbili, ambao ni wa kawaida kabisa, unakula sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Mbaya zaidi, Nano hulinganisha kila kitu na volti ya USB. Betri ikilegea na volti 5.0 ikawa 4.75, kila volti inayosomwa inapotoka kwa asilimia 5, na kwenye eneo la volti 2.5 hiyo ni zaidi ya nusu ya pH. Ongeza moduli ya ADS1115, kisoma volti chenye hatua ndogo zaidi (biti 16) na rejeleo lake la ndani. Ni ndogo, si ghali, na ndiyo nyongeza ya kwanza tungenunua kabla ya kufikiria ganda wala rangi.

Kusawazisha kunakwenda hivi. Kwanza bila elektrodi: unganisha kiini cha soketi ya BNC, ile ya kuchomekea elektrodi, na ganda lake kwa waya mfupi, kisha zungusha skrubu ya moduli hadi itoe volti 2.5. Yeyusha paketi za unga wa bafa (miyeyusho ambayo pH yake inajulikana) za 6.86 na 4.01, kila moja kwenye mililita 250 za maji yaliyokenekwa. Chovya elektrodi kwenye 6.86, subiri namba itulie, andika volti. Suuza, kausha kwa kugusisha karatasi laini bila kusugua, rudia kwenye 4.01. Tofauti ya volti hizo mbili iwe karibu nusu volti. Ikiwa chini ya asilimia 85 ya ile uliyoipata elektrodi ikiwa mpya, elektrodi imechoka na hakuna programu itakayoiponya. Kuanzia hapo, asubuhi angalia 6.86 tu, na 4.01 mara moja kwa wiki.

Kumbuka pia kwamba pH ya maziwa yenyewe hushuka takriban 0.01 kwa kila nyuzi joto likipanda. Maziwa yenye joto la kiwele yatasoma chini kwa 0.1 hadi 0.2 kuliko yaleyale yakipoa. Pima yote kwenye joto moja, karibu nyuzi 20, ambalo ndilo laktomita nyingi zinataka pia. Angalia maandishi kwenye shina lake, kwa sababu zipo zilizopimwa kwa joto jingine. Kwa laktomita ya nyuzi 20, ongeza 0.2 kwa kila nyuzi iliyozidi: usomaji wa 28 kwenye nyuzi 25 ni 29. Nano inaweza kukufanyia hesabu hiyo ukiongeza vitufe viwili vya kuingizia namba, na pengine hicho ndicho kipengele ambacho mpokeaji maziwa atakitumia kuliko vyote.

Kosa linalosumbua mafundi wengi ni kuchovya sensa ya upitishaji na elektrodi ya pH kwenye kikombe kimoja. Sensa hiyo inasukuma mkondo ndani ya maziwa, moduli zote mbili zinatumia hasi moja, na pH inaruka ovyo. Watu hubadilisha elektrodi, hubadilisha moduli, hubadilisha programu. Dawa ni vikombe viwili.

Sampuli ichukuliwe baada ya kukoroga mkebe kutoka chini hadi juu, kwa sababu mafuta hupanda na mafuta hayapitishi umeme. Mililita 250 zinatosha: 50 kwa kila kikombe, zilizobaki kwa laktomita. Elektrodi isiingizwe kwenye mkebe kamwe. Ni kioo chembamba chenye mmunyo wa chumvi unaovuja polepole. Sampuli iliyopimwa humwagwa.

Kifaa hiki hakiondoi jaribio la alkoholi. Mililita 2 za maziwa na mililita 2 za alkoholi ya asilimia 70 hufichua dang'a na maziwa yenye madini yasiyolingana, ambayo pH yake inaweza kuwa 6.6 bila kasoro. Antibiotiki, sumukuvu na idadi ya bakteria havionekani kwa sensa yoyote ya sanduku hili, muuzaji aandike atakavyo. Wala si haki mkulima akataliwe mkebe kwa namba ya skrini peke yake. Namba iwe sababu ya kupima tena kwa njia nyingine.

Elektrodi nyingi hufa kwa uchafu kabla ya uzee. Protini huziba tundu dogo la pembeni, usomaji unakuwa mzito kutulia, kisha unahama. Suuza mara moja kwa maji ya uvuguvugu, kwani ya moto huigandisha protini palepale. Mafuta yaondolewe kwa sabuni ya maji isiyo kali. Tundu likishaziba, loweka kwenye mmunyo wa pepsini na asidi hidrokloriki unaouzwa kwa kazi hiyo katika maduka ya vifaa vya maabara. Usiku elektrodi ilale kwenye kloridi ya potasiamu ya molari 3, yaani gramu 22.4 zilizoyeyushwa hadi kufika mililita 100. Maji yaliyokenekwa huifyonza na kuiua.

Bila MQ-135, kifaa kizima huvuta takriban miliampea 80, na betri moja ya lithiamu ya 18650 iliyo nzima yenye kipandisha volti inamaliza siku ya kazi bila shida. Soketi ya BNC ikae upande wa juu wa ganda, mbali na matone, pamoja na kifuko cha silika: elektrodi ya kioo ina ukinzani wa mamia ya megaomu, na unyevu kidogo kwenye soketi unatosha kuivuta pH ielekee 7, namba ambayo mpokeaji anaweza kuisoma kama magadi. Ukiagiza, fedha za vipuri viwili vya kutoa ziende kwa ADS1115, paketi za bafa na elektrodi ya akiba, na mwambie muuzaji aitume elektrodi ikiwa na kofia yake ya mmunyo, kwa sababu inayofika ikiwa kavu huhitaji kulowekwa usiku kucha na mara nyingine hairudi tena.