Sewanee 1899 na Michigan 1901, nani mkali?

Naongelea futiboli ya Kimarekani ya vyuo, ile ya kale. Michigan ya kocha Fielding Yost walishinda mechi zote 11, pointi 550 kwa 0, yani hakuna aliyewagusa, na kule Pasadena Januari 1, 1902 Stanford walikula 49 wakaomba mechi iishe kabla ya muda. Kwa namba Sewanee wameachwa mbali, 322 kwa 10, hizo 10 zote walifungwa na timu moja tu, Auburn. Ila bana, kachuo kadogo ka Tennessee, wamepanda treni wakapiga timu 5 ndani ya siku 6, Texas, Texas A&M, Tulane, LSU na Ole Miss, zote zikatoka kapa! Jumapili tu ndo walipumzika. Mi niko na Sewanee.