Nguzo ya dansi (pole dance) nyumbani: ya kukaza au ya bolti?

Ya kukaza husimama kwa msukumo tu. Unazungusha sehemu ya chini kwa spana hadi kikombe cha juu kigandamize dari. Hutoboi kitu, na mpangaji anahama nayo. Tatizo ni kile kilicho juu. Slabu ya zege haina shida, lakini dari la jipsamu ni hatari: ubao hubonyea, unadhani umekaza kumbe umeinua dari, na ukijirusha nguzo inachomoka. Ukiona ufa mwembamba kuzunguka kikombe, acha mara moja. Kwenye nyumba za bati, hata zile mbao za 2 kwa 2 zinazoshika jipsamu hazitoshi. Tafuta boriti nene. Nyoosha nguzo kwa pima maji pande mbili ndipo ukaze, na uitikise kwa nguvu kabla ya kila mazoezi, maana hulegea taratibu.

Ya bolti ina bamba linalofungwa kwenye zege kwa bolti za kutanuka, yaani zinazopanuka ndani ya tundu unapozikaza. Ukishatoboa, puliza vumbi lote. Likibaki, bolti huzunguka bila kushika. Inaacha matundu, kwa hiyo omba ruhusa ya mwenye nyumba.

Aliye kwake, chini ya slabu, achukue ya bolti bila kusita. Mpangaji wa ghorofa, ya kukaza.

Unene? Milimita 45 hushikika vizuri kuliko 50 kwa viganja vidogo. Na pima kimo cha chumba kabla ya kulipa.