Dodoso la ACE-IQ kwa wenye ulemavu wanaotafuta kazi Mtwara: litumieni, ila lisiwe chekeche

Kikundi au ofisi ya Mtwara na Lindi inayowaunganisha watu wenye ulemavu na waajiri, ikitaka kuelewa masaibu waliyopitia utotoni, itakutana na madodoso mawili. La kwanza lina maswali 10, nalo limetokana na utafiti wa Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1998. La pili ni ACE-IQ la Shirika la Afya Duniani (ACE ni kifupi cha Kiingereza cha masaibu ya utotoni), lenye maeneo 13, kwa watu wa miaka 18 na kuendelea. Chukueni la pili. Lile la kwanza haliulizi kabisa habari za kuonewa na watoto wenzako wala kufiwa na mzazi. Kumhoji mtu aliyezomewa njiani hadi akaacha shule bila kumuuliza hilo ni kupoteza muda wake.

Hata hivyo ACE-IQ nalo haliingii Mtwara jinsi lilivyo.

Tuanze na kuhesabu. Majibu mengi yana ngazi nne: mara nyingi, mara chache, mara moja, haijatokea. Kujumlisha kuna njia mbili. Kwa njia ya kwanza tukio moja tu linatosha, na swali la kipigo linachanganya kofi, teke na ngumi. Kwetu ambako viboko vilikuwa jambo la kawaida nyumbani na shuleni, karibu kila mtu atahesabiwa, na hamtamtenga aliyechapwa mara moja na aliyepigwa kila wiki kwa sababu hasikii anapoitwa. Tumieni njia ya pili, inayotazama tukio lilijirudia mara ngapi.

Swali la wazazi kuachana linahitaji uangalifu zaidi. Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera kwa desturi hufuata ukoo wa mama. Mtoto anaweza kubaki kwa bibi au kwa mjomba, akalelewa vizuri kabisa huku wazazi wameachana zamani. Kwa hiyo kabla ya swali la kwanza, mhojiwa ataje mwenyewe nani alikuwa mlezi wake, na mjomba aingie humo. Kinyume chake ni kweli pia: mjomba mkatili asipotajwa kuwa mlezi, ukatili wake hautaonekana popote kwenye karatasi.

Pengo kubwa kuliko yote ni kwamba dodoso halijui ulemavu. Ongezeni maswali haya, lakini myahesabu kando ili jumla ya dodoso isiharibike: Ulifichwa ndani wageni walipokuja? Wenzako walipopelekwa jandoni au unyagoni, wewe uliachwa? Ulinyimwa shule huku ndugu zako wakisoma? Kwa mwenye ualbino: uliwahi kuhamishwa au kulala kwingine kwa hofu ya kushambuliwa? Majibu ya hapa ndiyo yanayoeleza kwa nini mtu wa miaka 30 hana cheti cha darasa la saba na anaogopa kuingia ofisini peke yake.

Halafu nani anauliza? Asiyeona husomewa, na mara nyingi msomaji ni ndugu aliyemleta. Ndugu huyo huyo anaweza kuwa ndiye aliyempiga. Mkalimani wa Lugha ya Alama asiwe wa familia. Na kiziwi ambaye hakusoma, anayetumia ishara za nyumbani tu, haelewi hata mkalimani mzuri. Hapo tafuteni kiziwi mwingine mwenye uzoefu akae katikati, kwa mfano kupitia CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania. Kwa mwenye ulemavu wa akili, ngazi nne ni nyingi mno: "ndiyo" na "hapana" zinatosha. Mahojiano yasifanyike siku ya usajili, maana mtu atajibu anachodhani kitampatia kazi. Na kabla ya kuuliza chochote, kubalianeni na afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya Ligula, au ya Sokoine kwa walio Lindi, atakayempokea mtu akianza kulia. Bila mtu huyo, msiulize.

Jumla mnayopata si kipimo cha uwezo wa kazi. Anda mwenyewe na wenzake waliandika mwaka 2020 kwamba jumla ya ACE haifai kumpima mtu mmoja mmoja; wawili wenye jumla ya 4 wanaweza kuwa wamepitia mambo yasiyolingana kabisa kwa uzito. Kwa hiyo isiandikwe kwenye barua ya kazi wala isitajwe kwa mwajiri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Kiwanda cha watu 200 ni 6, na hakihitaji kujua utoto wa hata mmoja wao. Karatasi zibebe namba badala ya jina na zifungiwe kabatini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu hata ninyi wa kikundi kidogo.

Kinachopaswa kumfikia mwajiri ni mahitaji ya kazini tu. Chukueni mfano wa kubangua korosho. Anayeshtuka akikaribiwa kwa nyuma akae akitazama mlango, apewe maelekezo na msimamizi mmoja, na akikosea arekebishwe pembeni. Baadhi ya wanaoandikwa watoro wiki ya pili huenda wamekimbia kufokewa mbele za watu. Kazi yenyewe walikuwa wanaiweza. Mwenye ualbino asipewe kuanika. Kumenya na kupanga madaraja kunafanyika kivulini. Na mikono iliyopoteza hisia kwa ukoma isiguse meza ya kupasulia hata kama mwenyewe anaomba, kwa sababu mafuta ya ganda yanaunguza na hatajua mpaka kidonda kiwe kimeshaingia ndani.