Jiko la roketi la sufuria moja: zuri, ila lina masharti yake

Ninalozungumzia hapa ni lile jiko la kuni la kubebeka, ganda la nje ni bati, ndani limejengewa kwa udongo mwepesi uliochomwa. Mdomo wa kuni uko mbele, chumba cha moto kimesimama wima, na vikiungana vinafanya umbo la L. Muundo huu ulibuniwa na Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho, Oregon, Marekani, miaka ya 1980. Nimeridhika nalo kabisa. Ila kijikaratasi kilichokuja nalo kinasema tu "weka kuni, washa", na kwa maelezo hayo utapata moshi kama wa mafiga, kisha utalilaumu jiko bure.

Kifaa cha thamani kuliko vyote ni kile kibati kinachokaa ndani ya mdomo. Kuni hulala juu yake, hewa hupita chini yake, inapita kwenye makaa mekundu na kuufikia moto ikiwa tayari imepata joto. Nimeona watu wakikitoa ili waingize kuni nyingi zaidi. Ukifanya hivyo njia ya hewa inazibwa, ama hewa baridi inaingia juu ya kuni na kuupoza moto. Kuni ikipata joto hutoa gesi. Takriban asilimia 80 ya uzito wa kuni kavu huondoka hivyo. Gesi hizo zinataka joto la nyuzi 600 hivi au zaidi, hewa ya kutosha, na nafasi ya kuchanganyika nayo. Zikikosa kimojawapo, zinatoka nje zikiwa moshi na masizi. Yaani kila moshi unaouona ni kuni uliyoipasua na kuikausha, halafu hukufaidi joto lake.

Kuni ziwe kavu, unyevu usizidi asilimia 20. Mti uliokatwa leo nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji, na moto utafanya kazi ya kuyachemsha hayo kwanza kabla ya yale ya sufuriani. Gonganisha vipande viwili: kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa mlio mzito. Angalia pia nyufa kwenye ncha na ganda linalobanduka lenyewe. Pasua hadi unene wa sentimita 2 hadi 4. Gogo nene halifai hapa hata likiwa kavu kabisa. Mbao zilizopakwa rangi au dawa, na plastiki ya kuwashia, usiziguse.

Kuwasha: ingiza chumbani vijiti vya unene wa penseli, washa kwa chini, acha moto upande dakika tatu hadi tano kabla ya kuweka sufuria. Wengi hawana subira hapa. Sufuria ya maji baridi juu ya chumba ambacho hakijapata moto huzima miali, na masizi yote yanaganda kwenye kitako chake. Baadaye weka kuni tatu, zikiachiana nafasi kidogo, ncha tu ndizo ziwe ndani. Kadiri zinavyoungua, sukuma mbele kidogo kidogo. Ukitaka moto mdogo, vuta moja nje, usizibe mdomo. Mdomo ukijaa zaidi ya nusu, moshi utauona mara moja.

Moto mzuri unaujua kwa macho na masikio: miali inagusa kitako cha sufuria bila kupanda ubavuni, kuna mvumo mdogo ndani ya chumba, na juu ya jiko unaona hewa ikicheza tu. Miali ikianza kuramba ubavu, kuni zimezidi. Nakushauri pia uzungushie sufuria bati, ukiacha mwanya wa takriban milimita 10. Joto linalazimika kupita ubavuni badala ya kupotelea pembeni. Ukibana zaidi ya hapo jiko linakosa pumzi na moshi unarudi mdomoni.

Kasoro zipo. Kibati cha ndani ni chembamba, kinapinda kwa joto na mwisho kinaliwa. Fundi akikukatia cha chuma kinene zaidi kwa vipimo vile vile, utakaa nacho muda mrefu. Majivu yakijaa chini ya kibati hewa inakatika, kwa hiyo yatoe kila kabla ya kuwasha, jiko likiwa limepoa. Sufuria pana hukaa vibaya, vishikio ni vifupi. Na ni jiko la kukaa nalo karibu: ukiliacha dakika kumi, ncha zimeungua zote na moto umelala.

Ukimaliza, usimwagie maji ndani, udongo wa moto hupasuka. Vuta kuni nje, zika ncha zake kwenye mchanga au majivu. Makaa yanayobaki hutoa gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, hata kama moshi hauonekani. Jiko hili halina dohani, kwa hiyo litumike mahali penye hewa inayopita, na lisiingizwe chumba cha kulala likiwa bado na makaa.