Tathmini ya kozi ya mtandaoni kuhusu chakula, ajira na amani
Kilichoniridhisha zaidi katika kozi hii ni somo la njaa, ambalo linafafanua kwa kina Azimio namba 2417 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa mwaka 2018 kulaani matumizi ya njaa kama mbinu ya vita. Sehemu ya ajira kwa vijana ni fupi mno. Kuhusu uanaharakati, mwalimu anamtumia Wangari Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, kuonyesha jinsi upandaji miti ulivyowapatia wanawake kipato na sauti. Hapo, nakiri, niliguswa sana. Hata hivyo, maswali ya kuchagua jibu hayatoshi kumpima mwanafunzi katika suala zito kiasi hiki.